BebaPay na nauli za matatu Nairobi: jaribio lililopima mguso wa kadi, likasahau mafuta ya mchana

Mwaka 2013 Google na benki ya Equity waliingiza kwenye matatu za Nairobi kadi ya nauli iliyoitwa BebaPay. Abiria alichukua kadi, akaijaza salio kwa wakala, akapanda gari. Makanga hakumjia na mashine maalum bali na simu ya Android yenye NFC, yaani uwezo wa kusoma kadi iliyo karibu nayo. Kadi ikiguswa mgongoni mwa simu, nauli ilikatwa, na abiria akapokea ujumbe mfupi wa stakabadhi. Mapema mwaka 2015 huduma ikafungwa.

Kisa hiki husimuliwa kwa mkato na kwa kicheko: kampuni tajiri kuliko nchi nyingi ilikuja mjini na makanga wakaishinda. Kicheko kina raha yake, lakini hakimsaidii anayetaka kujaribu tena malipo ya simu kwenye magari ya abiria, na watu hao hawakosekani. Kila baada ya muda anazuka mwingine na programu mpya. Kwa maoni yangu BebaPay ilifaulu mtihani iliojiwekea. Kadi ilisomeka, simu ya kawaida ilitosha kuwa mashine, stakabadhi ilifika. Kilichokuwa na kasoro ni mtihani wenyewe. Ulifuata pesa kutoka kwa abiria hadi kwenye simu ya makanga, ukaishia hapo, wakati nauli ya matatu ikifika kwa makanga ndiyo kwanza inaanza safari.

Simu kuwa mashine

Wazo la kumpa makanga simu badala ya mashine halikuwa la kijinga hata kidogo. Miji mikubwa hujenga mifumo ya nauli juu ya vifaa vya bei: vizuizi vya stesheni, visomaji vya kufungwa mlangoni mwa basi, mafundi wa kuvihudumia. London, iliyoanza na kadi ya Oyster mwaka 2003, huvitaka visomaji vyake vimalize kazi ndani ya nusu sekunde, kwa sababu vikichelewa zaidi ya hapo foleni ya stesheni inarudi nyuma hadi kwenye ngazi. Matatu haina kizuizi wala stesheni ya namna hiyo. Abiria anapanda kwanza, anaketi, gari linaondoka, ndipo makanga anapita kiti kwa kiti. Kwa hiyo kasi ya kusoma kadi, ambayo huwanyima usingizi wahandisi wa London, Nairobi haikuwa na uzito huo. Sekunde tatu zaidi hazimkwazi mtu aliyekwama kwenye jamu ya Pangani.

Uzito ulikuwa kwenye mikono. Mtazame makanga akiwa kazini. Mkono mmoja umeshika bomba la juu au ukingo wa mlango. Mkono wa pili una noti zilizokunjwa kwa urefu na kupachikwa katikati ya vidole, kila thamani mahali pake, na kiganjani zimo sarafu anazozichezesha ili abiria wajue nauli inatakiwa. Mkono wa tatu hana. Ukimpa simu lazima kitu kimoja kirudi mfukoni, na madhali abiria karibu wote bado wanalipa taslimu, kitakachorudi mfukoni ni simu. Abiria mmoja mwenye kadi anamlazimu asimame, azikusanye noti, atoe simu, aiamshe, angoje. Machoni pake huyo ndiye abiria msumbufu wa safari hiyo. Ukikaa ndani ya gari utaligundua hili kabla hujafika steji ya pili. Ofisini huligundui kamwe, maana anayejaribu programu huko amekaa kwenye kiti na mikono yake yote miwili iko huru.

Kulikuwa na betri pia. Siku ya matatu huanza alfajiri saa kumi na moja na kuisha usiku, na simu inayowashwa kioo mara mia kadhaa kwa siku haifiki jioni bila chaja. Kulikuwa na simu kuanguka, na simu ghali kuning'inia mlangoni mwa gari linalopita River Road. Yote hayo yana dawa: kamba ya shingoni, chaja karibu na dereva, programu yenye kitufe kimoja kikubwa. Ndiyo maana siyahesabu miongoni mwa yaliyoiua BebaPay.

Pesa ya mchana

Matatu nyingi za Nairobi haziwalipi dereva na makanga mshahara. Mwenye gari anataka kiasi maalum kila jioni. Wao wanalichukua gari alfajiri, wanatia mafuta, wanalipa ada za sacco (chama cha wenye magari) na za steji, wanawatolea chao manamba wanaoita abiria, na mara nyingi kuna cha kumwachia askari barabarani. Kinachobaki baada ya kiasi cha mwenye gari ndicho riziki yao. Dereva akichoka anamwachia gari mtu wa skwadi, yule wa pembeni anayeshika zamu mbili tatu kisha anashuka na ujira wake siku hiyo hiyo. Wakati BebaPay inaingia, malipo yote hayo yalifanywa kwa noti na sarafu, na mengi yalifanywa kabla jua halijaanza kushuka.

Sasa chukulia gari la viti 33, nauli shilingi 50. Likijaa, safari moja ni shilingi 1,650. Theluthi moja ya abiria wakilipa kwa kadi, shilingi 550 zinaondoka mkononi mwa makanga na kuingia kwenye akaunti ya benki. Kwa mwenye gari hazijapotea hata senti. Kwa makanga zimeondoka hadi jioni, na ikiwa mwenye gari ni mgumu, zimeondoka kabisa. Saa sita mchana taa ya mafuta inawaka, na mtu wa pampu anataka noti. Ukiongeza idadi ya abiria wenye kadi, tatizo linaongezeka nayo. Abiria wote 33 wakilipa kwa kadi, yaani mfumo ukifaulu kwa asilimia mia, gari linazimika kituoni kwa kukosa mafuta huku akaunti imejaa.

Hapa ndipo ninapoachana na maelezo yaliyozoeleka, kwamba makanga waliikataa kadi kwa sababu ni wezi. Ni kweli kwamba taslimu humsitiri makanga: mwenye gari hajui gari lilibeba watu wangapi, na kadi ingemwambia. Ni kweli pia, ingawa husemwa mara chache zaidi, kwamba wenye magari nao walikuwa na wasiwasi wao, maana rekodi inayomwonyesha mwenye gari mapato yake siku moja inaweza kumwonyesha mtoza ushuru vilevile. Lakini hata ungeweka malaika mlangoni mwa matatu, bado wangehitaji mafuta saa sita. Tabia ya makanga si kitu ambacho benki au kampuni ya programu inaweza kuibadilisha. Saa ambayo pesa inamfikia inaweza kubadilishwa, na ilikuwa kazi ya wiki chache kwa benki yenye mawakala kila mtaa.

Halafu kuna suala la bei. Nauli ya matatu hupanda mvua ikinyesha, hupanda jioni watu wakitoka kazini, na mchana wa kiangazi hushuka hadi makanga anaita kwa mbao, yaani shilingi ishirini, ili gari lijae. Mashine haisumbuliwi na hilo. Hukata chochote inachoambiwa. Kinachosumbua ni stakabadhi. Ujumbe unaosema umekatwa shilingi 100 jioni kwa njia ile ile uliyolipia 50 asubuhi una tarehe, una saa, na umo ndani ya simu ya abiria. Noti haiachi alama kama hiyo. Kwa abiria stakabadhi ilikuwa faida tupu na nisingeiondoa. Ila aliyepanga jaribio alipaswa kujua kwamba anamkabidhi makanga kifaa kinachomwandikia mashtaka, kisha anamtegemea akitumie kwa hiari yake.

Na hiari hiyo makanga aliitumia kwa upande wa pili. Simu haina chaji. Network iko chini. Kadi yako haisomi, leta pesa. Abiria hakuwa na la kubisha, kwa sababu hawezi kukagua simu ya mtu mwingine wakati steji yake inakaribia, na nauli ya taslimu anayo mfukoni. Wakati huo hakuna Mkenya aliyetoka nyumbani bila kuwa nayo, hasa akishakataliwa kadi mara moja.

Tazama jinsi kukataa huko kunavyoonekana kwenye seva: hakuonekani. Seva huandika mguso uliofaulu na mguso ulioshindikana. Mguso ambao haukufanyika hauna mstari wake. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta anaona kwamba karibu kila kadi iliyoguswa ilisomeka, anaona wastani mzuri wa sekunde, anaandika ripoti nzuri, na hajui kwamba kwenye gari lile lile abiria kadhaa walinyoosha kadi wakaambiwa wazirudishe. Ukitaka kuwaona hao unahitaji mtu wa kukaa kiti cha nyuma na daftari. Nimesoma mipango mingi ya majaribio ya nauli ya simu, ya huku na ya ng'ambo, na ni michache mno inayotenga fungu la mtu wa daftari. Pesa huishia kwenye programu na kwenye fulana za uzinduzi.

Amri ya Julai

Serikali ikaingia na amri. Kanuni zilizokuwa chini ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, zilitaka magari ya abiria yaache kupokea nauli mkononi kuanzia tarehe 1 Julai 2014. Tarehe ikafika, makanga wakaendelea kupokea noti. Ikasogezwa hadi Desemba. Desemba nayo ikapita.

Kwa sadfa tu, tarehe 6 Julai mwaka huo huo, siku tano baada ya ile ya Nairobi, mabasi ya London yaliacha kupokea taslimu, na Jumatatu iliyofuata watu walikwenda kazini kama kawaida. Ila huko taslimu ilikuwa imeshuka hadi asilimia moja hivi ya safari za basi. Oyster ilikuwa imefanya kazi miaka 11, na kadi za benki za kugusa zilikubaliwa mabasini tangu Desemba 2012. Nairobi ilianza na amri, ikitumaini kwamba matumizi yangefuata.

Wapo waliotoa mfano wa John Michuki, waziri ambaye kanuni zake zilianza kutumika Februari 2004 na matatu zikavaa mstari wa njano, mikanda na vidhibiti mwendo karibu kwa usiku mmoja. Mfano huo haukai sawa. Mstari wa njano askari anauona akiwa ng'ambo ya barabara. Nauli iliyolipwa kwa noti ndani ya gari linalotembea haionekani na mtu yeyote isipokuwa wawili, na wote wawili wameridhika.

Na kadi zenyewe zilikuwa nyingi. BebaPay ilikuwapo, My 1963 ilikuwapo, kadi iliyoitwa Abiria ilikuwapo, na hazikusomana. Abiria anayeshuka mjini na kupanda gari la sacco nyingine alihitaji salio kwenye kadi mbili ili aokoe usumbufu wa noti moja.

M-Pesa kwa mlango wa nyuma

Muda wote huo abiria walikuwa na chombo cha kulipia mikononi mwao. M-Pesa ilianza Machi 2007. Kwa nauli ndogo ilikwamishwa na ada ya kutuma, mpaka Machi 2020 korona ilipoingia nchini na Safaricom ikaondoa ada kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000. Msamaha huo ulipoisha mwisho wa mwaka, kutuma hadi shilingi 100 kukaendelea kuwa bure. Nauli nyingi za ndani ya jiji ziko hapo au chini ya hapo. Hakuna aliyezindua kitu. Makanga walianza tu kutaja namba zao za simu, abiria wakaanza kutuma.

Ukilinganisha na kadi, utaona kwa nini njia hii ilipenya. Pesa inaingia kwenye simu ya makanga papo hapo. Anaweza kulipia mafuta nayo, anaweza kumlipa mtu wa skwadi, anaweza kuitoa kwa wakala jirani na steji. Tatizo la saa sita mchana limekwisha bila mtu kuliandikia mradi.

Lakini M-Pesa ilifungua tatizo ambalo BebaPay haikuwa nalo, nalo ni la uhakiki. Kadi ikiguswa, makanga ameshika simu na abiria yuko mbele yake. Hakuna shaka nani amelipa. Kwa M-Pesa abiria anatuma mwenyewe kutoka kiti cha dirishani, na makanga anapokea ujumbe wenye jina la kwenye kitambulisho. Jina halimsaidii. Anawajua watu wake kwa viti: yule wa nyuma ya dereva kalipa, wale wawili wa kona bado, mama mwenye mtoto nimembakizia chenji. Watu watano wakituma shilingi 50 ndani ya dakika moja, anapata jumbe tano zenye kiasi kile kile na majina matano asiyoweza kuyaunganisha na sura. Anachofanya ni kupita akisema nionyeshe message.

Hapo uhakiki umekuwa kusoma kioo cha simu ya mtu mwingine, usiku, taa za rangi zikiwaka na muziki umepandishwa. Kioo hicho kinaweza kudanganya. Kinaweza kuonyesha ujumbe wa jana, au picha ya skrini, au maneno yaliyoandikwa vizuri na kutumwa kutoka namba ya rafiki. Makanga mzoefu hatazami kiasi kwanza. Anatazama saa na jina la mpokeaji, kisha anagusa kioo kidogo aone kama kinasogea. Na hata pesa ikiwa imefika kweli, bado kuna abiria anayeshuka na kuutuma ujumbe kwa namba 456 ya Safaricom akidai alikosea namba, ili arudishiwe. Huduma hiyo iliwekwa kwa waliokosea kweli, na makanga wamejifunza kuhamisha pesa upesi kabla haijazuiwa. Pochi la Biashara, ambalo Safaricom ililileta baadaye kwa wafanyabiashara wadogo, linapunguza udhia huo kwa sababu pesa ya kazi inakaa mbali na ya binafsi na mtumaji hawezi kuirudisha kirahisi.

Mahali ambapo mwenye gari amebandika namba yake ya Lipa na M-Pesa juu ya dirisha, mambo ni magumu zaidi. Ujumbe wa kuthibitisha unakwenda kwa mwenye gari, labda Nakuru, labda amelala. Makanga aliye ndani ya gari ndiye mtu pekee asiyeambiwa kitu, naye ndiye anayetakiwa kuamua nani ashuke. Na pesa imerudi kule kule kwenye akaunti asiyoifikia. Kwa maneno mengine, kibandiko hicho kimeirudisha BebaPay na kuiondolea sehemu iliyokuwa ikifanya kazi.

Tatizo la kusoma kioo si la Nairobi peke yake. Reli ya abiria ya Boston ilipoanza kuuza tiketi za simu Novemba 2012, kondakta alizikagua kwa macho vilevile, na kinga dhidi ya picha ya skrini ilikuwa rangi zinazocheza kwenye kioo: tiketi isiyotikisika ni picha. Kinga hiyo inatosha pale kondakta anapokagua watu walioketi kwenye behewa lenye mwanga. Njia iliyo ngumu zaidi kughushiwa ni msimbo wa QR unaobadilika kila baada ya sekunde chache na kubeba saini ya kompyuta ya muuzaji, ambao simu ya mkaguzi inaweza kuuhakiki hata bila intaneti. Wanaopenda teknolojia hukimbilia hiyo. Mimi ningeiacha. Inarudisha simu kwenye mkono ambao makanga hana, na inamdai abiria simu janja yenye chaji wakati mwenzake wa kiti cha pili ana kabambe, simu ya vitufe.

Kwa matatu ningeanzia kwenye kiti. Kila kiti kina namba. Abiria anapolipa kwa Paybill, njia ya M-Pesa ya kuilipa kampuni, anaulizwa namba ya akaunti, na hapo anaandika namba ya kiti chake. Simu ndogo iliyobanwa juu ya mlango, isiyohitaji kushikwa, inaonyesha ramani ya viti, na kiti kilicholipiwa kinabadilika rangi. Makanga anainua macho mara moja, anajua aende wapi. Mwenye simu ya vitufe analipa sawasawa na mwenye simu janja, na hakuna anayesoma kioo cha mwenzake. Udhaifu wake unaonekana mapema: watu hubadilisha viti, watoto hupakatwa, na wanaosimama hawana namba (sheria inakataza kusimama, lakini saa moja jioni sheria hiyo huwa imeshukia Ngara). Udhaifu wa pili ni kwamba pesa ya Paybill huingia kwa kampuni, kwa hiyo lazima sehemu yake imrudie makanga ndani ya dakika, bila kungoja usiku. Hilo la pesa likishindikana, mpango wa viti usijaribiwe.

Kigali ilikuwa na nini

Hutajwa sana kwamba Kigali imeweza. Kadi ya Tap&Go ya kampuni ya AC Group ilianza huko Desemba 2015, mwaka ule ule BebaPay ilipofungwa, na ikashika. Abiria anagusa kadi mlangoni, basi linaondoka. Wengi husema ni nidhamu ya Wanyarwanda. Mimi natazama mwaka 2013, pale usafiri wa mji huo ulipogawanywa kwa maeneo na kupewa kampuni chache kwa mikataba. Pesa ikiingia kwa kampuni, inaingia kwa yule yule anayenunua mafuta. Swali la saa sita halikuwapo tena kadi ilipokuja. Nairobi nayo imekuwa ikiwalazimisha wenye matatu kujiunga na sacco tangu mwanzoni mwa muongo uliopita, lakini sacco nyingi hupanga foleni ya steji na kukusanya ada. Mafuta bado ni ya makanga.

Jaribio ningelipanga hivi

Ningechukua sacco moja na njia moja fupi, magari machache, na ningewaingiza watu wote wanaoyashika, wa skwadi wakiwamo, maana wao ndio hupewa gari bila kuambiwa chochote kuhusu programu. Ningeanza kwenye msimu wa mvua. Jaribio la Januari kukiwa kukavu, wanafunzi wengine bado nyumbani na nauli imetulia, litakupa majibu mazuri yasiyokuwa na kazi.

Kabla ya kuandika programu ningekaa na mwenye gari na makanga wake meza moja, tukubaliane malipo ya simu yagawanywe vipi yakiingia: fungu gani linakwenda moja kwa moja kwenye simu ya makanga kwa ajili ya mafuta na steji, fungu gani linabaki kwa mwenye gari. Wakishindwa kukubaliana hapo, jaribio limekwisha na limegharimu chai tu. Mara nyingi mazungumzo haya huachwa mwisho kwa sababu ni ya aibu. Yanahusu nani anaibiwa kiasi gani.

Ndani ya gari ningeweka mtu wa daftari, abiria kama abiria wengine, anayeandika mambo matatu: waliotaka kulipa kwa simu wakakataliwa, waliolipa wakaombwa waonyeshe kioo, na waliodaiwa mara mbili. Seva ingeniandikia yaliyobaki. Mtu huyo angepanda saa za jioni zaidi kuliko mchana, na angepanda hadi mwisho wa njia, kwa sababu ugomvi wa nauli hutokea karibu na kushuka.

Muda wa kupima si ule wa mguso. Ni kuanzia abiria anapobonyeza kutuma hadi makanga anapojua ni kiti gani. Nusu dakika inavumilika kwenye gari linalotembea; dakika tatu haivumiliki, maana kuna abiria wa steji fupi atakuwa ameshashuka. Ningepima pia kwenye mashimo ya mtandao, na kila makanga anayajua mahali yalipo kwenye njia yake, kwa hiyo ningemuuliza yeye kwanza kabla ya kutazama ramani ya kampuni ya simu.

Kipimo cha kuendelea au kuacha ningekiweka kwenye pampu. Saa saba mchana, kwa kila gari la jaribio, ningetaka kujua mafuta yaliyotiwa siku hiyo yamelipiwa na pesa ipi. Ikiwa sehemu ya mafuta iliyolipwa kwa pesa ya simu inakaribiana na sehemu ya abiria waliolipa kwa simu, ningeongeza magari. Ikiwa abiria wanalipa kwa simu na mafuta bado yanatoka kwenye noti, ningesimamisha kila kitu, hata kama seva inaonyesha malipo yote yamefaulu, na ningerudi kwenye ile meza na mwenye gari.